Je, vidonge vya "kusafisha mapafu" vitamkinga mkaanga samaki dhidi ya moshi?

Swali: "Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Obunga, Kisumu. Kwa miaka 11 nimekuwa nikikaanga mgongo wazi (mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa) kwa kuni, kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Kila nikiamka lazima nikohoe makohozi kwanza ndipo niweze kuzungumza vizuri. Kitinda mimba wangu ana miaka minane na ana pumu. Mume wangu ni mwanabodaboda, naye huvuta sigara. Juzi mtu amekuja sokoni na kopo la vidonge, akasema vina antioksidanti za kusafisha mapafu na kuzuia moshi usitudhuru, shilingi 3,500 kwa mwezi. Je, ninunue? Na kama hapana, kuna chakula kinachoweza kutukinga?"

Jibu:

Mama, usinunue. Hata hivyo, huyo muuzaji hakukudanganya kwa kila neno, na ndiyo maana sitaishia hapo. Uongo uliochanganywa na ukweli kidogo ndio unaowafanya watu wenye akili timamu kutoa fedha zao, na ukweli huo kidogo unastahili kuelezwa vizuri.

Moshi unaoinuka chini ya karai lako ni mchanganyiko wa gesi na chembe ndogo zilizobaki baada ya kuni kuungua nusunusu. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, na ndizo zinazoonekana kama masizi kwenye leso unapopenga kamasi jioni. Hizo, pamoja na ubaya wake, mwili umezizoea. Zinazonitia wasiwasi ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, ambazo wataalamu huziandika PM2.5. Chembe hizo hazishikwi puani, bali hufuata pumzi hadi kwenye matawi membamba ya mapafu na katika vifuko vya mwisho ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kwamba hewa anayovuta mtu kwa saa 24 isiwe na zaidi ya mikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo. Jikoni kunakopikwa kwa kuni bila bomba la kutolea moshi, vipimo hufika mamia kadhaa, na moto unapochochewa hufika maelfu.

Ukuta wa ndani wa njia za hewa haukai mkavu. Umefunikwa na utando mwembamba wa majimaji, na humo ndimo antioksidanti zako mwenyewe, yaani kemikali zinazozuia molekuli kali zisiudhuru mwili, zinamoishi: vitamini C, asidi ya yuriki, vitamini E kidogo, na kitu kiitwacho glutathioni ambacho chembe hai za mwili hukitengeneza zenyewe. Kiasi cha glutathioni katika majimaji hayo ni zaidi ya mara 100 ya kile kilichomo katika maji ya damu, jambo linaloonyesha jinsi mwili unavyojua kwamba hapo ndipo penye vita. Chembe ya moshi inapotua juu ya utando huo, hufika na mizigo yake, ikiwemo madini ya chuma na shaba pamoja na mabaki ya kemikali za kuni zilizoungua. Mwaka 1894 mwanakemia Mwingereza, Henry Fenton, alieleza jinsi madini ya chuma yanavyoichachamaza haidrojeni peroksidi (kemikali ya haidrojeni na oksijeni), na leo tunafahamu kwamba mmenyuko huo hutokea ndani ya mapafu: huzaa molekuli kali za oksijeni ambazo haziwezi kutulia hadi zinyang'anye elektroni kutoka kwa chochote kilicho jirani, kiwe ni mafuta ya ngozi ya chembe hai, kiwe ni protini, kiwe ni vinasaba.

Kazi ya antioksidanti ni kujitoa mhanga, kwa kuwa hutoa elektroni yake kwa hiari ili ile molekuli kali itulie bila kuubomoa ukuta. Lakini antioksidanti iliyokwisha kutoa haina tena cha kutoa mpaka ifanywe upya au iletwe nyingine, na moto wako hauzimwi ili kuisubiri. Watafiti wanaopima ukali wa chembe za hewa hutumia tabia hiyo hiyo: huziweka chembe katika maji yenye vitamini C, kisha wakaangalia inachukua muda gani kuisha. Akiba ikipungua kuliko inavyorudishwa, chembe hai zilizojeruhiwa huita askari wa kinga, nao askari hao wakijaribu kumeza chembe za moshi wasizoweza kuziyeyusha humwaga molekuli kali nyingine zaidi. Vile vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuelekea kooni hulegea, tezi za ute hukua na kutoa ute mwingi, na kwa kuwa ufagio umelegea, ute huo hulala humo usiku kucha. Makohozi yako ya asubuhi, Mama, ndiyo hesabu ya jana inayoletwa mezani.

Kwa hiyo muuzaji alisema kweli kwamba moshi hudhuru kwa njia hii, na kwamba antioksidanti hupambana na madhara hayo. Aliporuka ni pale alipochukulia kwamba ukimeza antioksidanti nyingi, nyingi zitafika mapafuni na kukukinga.

Tazama suala la kufika. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza na Sweden walichukua majimaji kutoka ndani ya mapafu ya watu wenye pumu isiyo kali, wakakuta kwamba vitamini C na vitamini E zilikuwa chache humo kuliko kwa watu wazima wa afya, ingawa katika damu ya wagonjwa hao hao hapakuwa na upungufu wowote. Damu ilikuwa na akiba, lakini mapafu yalikuwa na njaa. Zaidi ya hayo, utumbo na figo vina kiwango chao: mtu anayepata miligramu 200 hivi za vitamini C kwa siku damu yake huwa imekaribia kujaa, na ukimpa kidonge cha miligramu 1,000 sehemu kubwa ya ziada hiyo huishia chooni. Nayo glutathioni inayouzwa kwenye makopo kwa sehemu kubwa huvunjwavunjwa tumboni kama protini, kwa hiyo mwili hulazimika kuitengeneza upya kutokana na vipande vyake, na vipande hivyo hivyo ungevipata katika mayai, maharagwe au omena.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Antioksidanti si malaika. Vitamini C ile ile inayotuliza molekuli kali inaweza, mbele ya madini ya chuma, kuyarudisha madini hayo katika hali yake ya uchokozi ili yaendelee kuzaa molekuli kali mpya. Katika mwili wenye afya chuma hufungiwa vizuri ndani ya protini, na hatari hiyo ni ndogo. Lakini katika pafu lililojaa masizi yenye chuma, sithubutu kusema kwamba kuzidisha dozi ni jambo lisilo na madhara.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, unamhusu mume wako. Nchini Finland, wanaume 29,133 wanaovuta sigara walipewa ama beta-karotini (kiini cha rangi ya karoti ambacho mwili hukigeuza vitamini A) miligramu 20 kwa siku, ama vitamini E, ama vyote viwili, ama kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano hadi minane, kwa matumaini kwamba saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Nchini Marekani, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 18,000 waliokuwa wavutaji sigara au waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, ambao walipewa beta-karotini pamoja na vitamini A, ulisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28 katika kundi lililopewa vidonge. Hiyo haikuwa kazi ya matapeli. Walikuwa wanasayansi makini waliofuata hoja ile ile ya muuzaji wako: wanaokula karoti na mboga nyingi hupata saratani kidogo, basi tuitoe karotini kwenye karoti tuwape watu kwa dozi kubwa. Kwa hiyo kopo hilo, kama lina beta-karotini au vitamini A kwa wingi, lisimfikie mume wako hata kama utapewa bure. Karoti, embe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa havina hatari hiyo. Tatizo lilikuwa dozi kubwa ya vidonge katika pafu lenye moshi wa tumbaku.

Nisije nikaonekana ninachagua tafiti zinazonifaa tu, nikueleze pia zile zilizotoa matumaini. Katika jiji la Mexico, watoto 158 wenye pumu walipewa kwa wiki 12 ama vitamini C miligramu 250 na vitamini E miligramu 50 kila siku, ama kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2002: miongoni mwa wale wenye pumu ya wastani au kali, siku ambazo gesi ya ozoni iliongezeka hewani, watoto waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungukiwa na nguvu ya pumzi katika matawi membamba ya mapafu, ilhali waliopewa vitamini hawakupungukiwa. Baadaye ilibainika kwamba waliofaidika zaidi ni waliozaliwa bila jeni moja inayosaidia kutumia glutathioni. Ni utafiti mzuri na ninauheshimu. Angalia tu kwamba adui pale alikuwa ozoni, ambayo ni gesi, wala si masizi ya kuni. Kwamba dozi ilikuwa ndogo, kiasi ambacho mapera mawili yangetoa kwa upande wa vitamini C. Na kwamba kilichopimwa ni pumzi, hakuna aliyesema mapafu yalisafishwa.

Kule Vancouver, Canada, watafiti waliwaweka watu wa kujitolea kwenye chumba chenye moshi wa dizeli uliopunguzwa hadi mikrogramu 300 kwa mita ya ujazo, kwa saa mbili, baada ya kuwapa kwa siku sita dawa iitwayo N-asetilisisteini, ile ambayo maduka ya dawa huiuza kwa ajili ya kulainisha makohozi na ambayo huupa mwili malighafi ya kutengeneza glutathioni. Kwa wale ambao mirija yao tayari ilikuwa na wepesi wa kubana, dawa hiyo ilizuia moshi usiongeze mbano. Saa mbili, Mama. Wewe hukaa mbele ya karai kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, kwa miaka 11. Dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa barani Ulaya kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikwisha kuharibika kwa muda mrefu, haikuzuia pumzi yao kuendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo naiona kama dawa yenye kazi yake, na ambayo daktari anaweza kukuandikia akiona inafaa, lakini si ngao ya kuingia nayo motoni.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Qidong, mashariki mwa China, eneo lenye viwanda na hewa nzito. Watu 291 walikunywa kila siku kwa wiki 12 ama kinywaji kilichotengenezwa kwa machipukizi ya brokoli, ama kinywaji kinachofanana nacho kisicho na machipukizi hayo. Machipukizi hayo hutoa kitu kiitwacho salforafani, na salforafani haifanyi kazi ya kujitoa mhanga kama vitamini C. Yenyewe hugonga mlango wa chembe hai na kuiamsha protini moja, Nrf2, ambayo ni kama msimamizi wa bohari: ikiamka, huamuru glutathioni zaidi itengenezwe pamoja na vimeng'enya vya kuifanyia kazi. Waliokunywa kinywaji hicho walitoa kwenye mkojo mabaki ya sumu mbili za hewa chafu, ya benzini kwa asilimia 61 zaidi, na ya akroleini kwa asilimia 23 zaidi, na hali hiyo iliendelea kwa wiki zote 12.

Nimeitaja akroleini kwa makusudi, kwa sababu inakuhusu kuliko wanakijiji wa Qidong. Akroleini ndiyo ile harufu kali inayochoma macho mafuta ya kukaangia yanapopata moto kupita kiasi. Imo pia katika moshi wa kuni na wa sigara. Hivyo nyumba yenu inaipata kwa milango mitatu, na kila molekuli ya akroleini inayoingia hufungwa kamba na molekuli ya glutathioni ili itolewe nje, maana yake hutumia akiba ile ile inayohitajika kupambana na chembe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeuweka mvuke wa kukaanga kwa moto mkali katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mafuta yakianza kutoa moshi, basi, moto umezidi, bila kujali samaki anaonekana vipi. Na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na mazito kwa kutumiwa tena na tena hutoa moshi mapema zaidi kuliko mafuta mapya.

Sasa chakula. Brokoli si mboga ya Obunga na sitakutuma duka kubwa kuitafuta. Sukuma wiki na kabeji ni ndugu zake wa spishi moja, na zina kemikali za ukoo huo, ingawa salforafani yake haifikii ile ya machipukizi yaliyotumika Qidong, kwa hiyo usitarajie matokeo kama yale. Kemikali hizo huundwa jani linapokatwa, kimeng'enya kinapokutana na malighafi yake, na kimeng'enya hicho hufa kwenye moto. Ndiyo maana ni vizuri kuosha sukuma kwanza, kuikata, kuiacha kitambo juu ya ubao, kisha kuikaanga haraka na kitunguu na nyanya bila kuiacha ilainike kama uji. Kwa upande wa vitamini C, pera moja la kawaida linazidi miligramu 75 anazohitaji mwanamke mzima kwa siku, na mvutaji sigara huhitaji miligramu 35 zaidi ya mwenzake asiyevuta, kwa sababu moshi humla akiba hata akiwa amekaa. Managu, saga, kunde, mchicha na mrenda vyote ni vyakula vyema, lakini desturi yetu ya kuchemsha mboga chungu na kumwaga maji ya kwanza, na kuipasha tena kesho na keshokutwa, huondoa sehemu kubwa ya vitamini C iliyokuwamo. Sikukatazi kuondoa uchungu. Nakuomba tu uongeze pera, chungwa au kipande cha papai pembeni, kikiwa kibichi. Karanga na parachichi huleta vitamini E. Hayo yote yanajaza akiba ya mwili hadi inapostahili kuwa, na mtu aliyepungukiwa atafaidika zaidi kuliko mtu anayekula vizuri tayari. Ninaloweza kuahidi ni hilo tu.

Kuhusu maziwa, hukuuliza, lakini najua utaulizwa na jirani. Nyanya yangu huko Vihiga aliamini kwamba aliyefanya kazi penye vumbi lazima anywe maziwa jioni ili yaondoe uchafu kifuani, na hadi leo wapo wapaka rangi wanaodai kikombe chao kama sehemu ya malipo. Maziwa huenda tumboni, wala hayapiti njia ya hewa. Ni chakula kizuri, na huko ndiko kazi yake inakoishia.

Tukirudi kwenye moto, hapo ndipo shilingi 3,500 zako zitafanya kazi ya kuonekana. Kuni mbichi ndizo adui wa kwanza, kwa sababu moto hutumia nguvu zake kukausha maji badala ya kuunguza, na kuni isiyoungua vizuri ndiyo inayogeuka kuwa moshi. Nunua kuni mapema, zipasue nyembamba, zipange chini ya mabati kwa miezi kadhaa zikauke kabla ya kuzitumia, na uepuke kuchochea kwa plastiki au vipande vya tairi, jambo ninaloliona mara nyingi na ambalo huongeza sumu ambazo hakuna pera la kuzishinda. Jiko la matofali na udongo lililozibwa vizuri kuzunguka karai, lenye bomba linalopanda juu ya paa, huondoa moshi usoni mwako. Wenzako wawili watatu mkichanga kupitia chama chenu, fundi mmoja anaweza kuwajengea kwa zamu. Mahali pa kukaa pia pana maana kuliko watu wanavyodhani. Hapa Kisumu upepo wa mchana kwa kawaida hutoka ziwani kwenda bara, na usiku hugeuka; basi weka kiti chako upande unaotoka upepo, na uhakikishe kwamba moshi unaokukwepa wewe hauingii dirishani anapolala mtoto.

Nyumbani, pika kwa gesi kadiri mfuko unavyoruhusu, angalau chai ya asubuhi na chakula cha jioni wakati watoto wako ndani na milango imefungwa. Nisikufiche: katika utafiti mkubwa uliofanyika Rwanda, India, Peru na Guatemala, akina mama wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa jiko la gesi na gesi yenyewe bure. Chembe walizovuta akina mama wa kundi hilo zilikuwa takriban mikrogramu 24 katika kila mita ya ujazo, ilhali waliobaki na kuni walivuta takriban 70, na bado uzito wa watoto wao wakati wa kuzaliwa na visa vya nimonia kali havikutofautiana na vya kundi lingine kama ilivyotarajiwa. Watafiti bado wanajadiliana kwa nini. Mimi nachukua hapo jambo moja: kama kuondoa theluthi mbili za moshi bado hakujatoa kila tulichokitaka, basi kidonge kinachoacha moshi wote mahali pake hakina msingi wa kujisifu. Barakoa ya aina ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo ikishika uso sawasawa, lakini kwa joto la karai sijamwona mkaanga samaki anayeivumilia siku nzima. Ivae unapowasha moto na unapochochea, ambapo moshi ni mwingi zaidi. Leso iliyofungwa puani huzuia masizi makubwa tu.

Mtoto ndiye anayenifanya niandike kwa haraka. Mtoto wa miaka minane mwenye pumu hahitaji vidonge vya kopo hilo. Anahitaji kuwa mbali na karai na mbali na sigara, na kama hushikwa mara kwa mara, anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku inayotuliza uvimbe wa mirija, ambayo ni tofauti na ile ya buluu ya kumwokoa anapobanwa. Familia nyingi ninazokutana nazo zina ile ya buluu peke yake. Uliza kliniki kuhusu ile nyingine, na uombe uonyeshwe jinsi ya kuitumia kwa chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini ili kushika mdomo wa pampu, kwa maana watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo ikizibwa vizuri pembeni hufikisha dawa mapafuni kwa watoto sawa na vifaa vya dukani. Baba naye asivutie sigara ndani, wala mlangoni. Kuacha kabisa kutampa yeye na mtoto kinga ambayo hakuna antioksidanti iliyowahi kukaribia.

Na wewe mwenyewe usiyahukumu makohozi yako kwa maneno yangu peke yake. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, hapa kwetu, lazima kipimwe kifua kikuu kwanza, na kipimo hicho pamoja na matibabu yake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Makohozi yakiwa hayana kifua kikuu, na yamekuwapo kwa miezi mitatu au zaidi kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, basi ni uvimbe sugu wa mirija ya hewa, na utahitaji kipimo cha kupuliza kwa nguvu kwenye mashine ili ijulikane pumzi yako imepungua kiasi gani. Ukiona damu kwenye makohozi, ukipungua uzito au ukishindwa kupanda kilima ulichokuwa ukikipanda mwaka jana bila kupumzika, usingoje siku ya soko kupita.

Siku ya kwenda kupimwa, mwombe muuzaji picha ya maandishi ya nyuma ya kopo lake, ile orodha ndogo ya viambato na miligramu zake, umwonyeshe mfamasia. Kama hakuna orodha, au muuzaji akikataa kopo lipigwe picha, utakuwa umeokoa shilingi 3,500 kabla hujafika zahanati.